Kesho Sitakwenda Sokoni

Ibra, usiku wa Jumanne

Mwanangu Raya,

Salamu za asubuhi nitakupa kwa mdomo kesho, Mungu akipenda, kwa hiyo hapa nazipita. Habari za kupiga mswaki, kusuka nywele kabla ya kulala na kutokunywa maji ya bomba nimeshamwambia Zuhura, na yeye ana kumbukumbu nzuri kuliko mimi. Humu nimeweka yale ambayo siwezi kumpa mtu mwingine akufikishie.

Najua watu watacheka wakisikia nakuita mwanangu. Mimi nimemaliza skuli juzi tu na wewe una miaka tisa. Kwa watu wote mimi ni ammah yako, dada mdogo wa baba yako. Lakini mama yako alipofariki wewe ulikuwa bado unanyonya, baba yako alikuwa akifanya kazi Sur, na mgongo wa Bibi ulikuwa umeshaanza kumsumbua. Nikapewa mimi nikubebe. Nilikuwa na umri ulio nao wewe sasa. Nilikubeba kiunoni hata nikawa natembea nimeinama upande, na mpaka leo bega langu moja liko chini kuliko jingine. Neno lako la kwanza lilikuwa mama, na ulilisema ukinitazama mimi. Bibi akakurekebisha, "Sema ammah," nawe ukatii. Neno lile nililiweka, na leo nalitumia.

Unanijua kuwa mimi si mtu wa kusema. Wageni wakija hupeleka kahawa nikarudi jikoni, na wakiniuliza jina, Bibi ndiye hujibu. Ndiyo maana naandika. Na nimeandika kwa Kiswahili kwa sababu ndicho nilichokulea nacho, na herufi zake nilikufundisha mwenyewe. Isome polepole. Mengine hutayaelewa sasa. Yaache, utayarudia ukiwa mkubwa.

Nianze na lile lenyewe, nisije nikaogopa. Mimi siji Gambia. Siji kesho, siji wiki ijayo, siji baada ya Ramadhani. Nafasi yangu haikuwapo tangu mwanzo. Nikijaliwa ujasiri utakuwa umeshalisikia kwangu asubuhi, lakini naliandika pia, kwa sababu watu wazima wanaweza kukwambia baadaye kwamba ulisikia vibaya.

Unakumbuka Ijumaa ile baba yako alipokuja kutoka Sur na Zuhura, arusi yao bado mpya, akasema amepata kazi kwenye kampuni ya samaki, Gambia? Wewe ulidhani ni mtaa wa Maskat.

"Iko baada ya Seeb?" ukauliza.

Tulicheka wote. Ulipoambiwa kuwa ni Afrika, upande wa magharibi kabisa, ndege mbili, hukucheka tena. Ulikwenda ukaingia chini ya kitanda cha Bibi, pale anapoweka madebe ya tende, ukakataa kutoka. Baba yako akapiga magoti sakafuni na kanzu yake nyeupe.

"Toka, habibti, utachafuka."

"Sitoki. Mimi naenda na Ammah tu. Ammah kama haendi, mimi siendi."

Nilikuwa nimesimama mlangoni. Baba yako aliniangalia, halafu akainama tena kukutazama wewe.

"Nani kasema Ammah haendi? Sote tunakwenda. Asila, mwambie."

Nami nikakwambia, "Ndiyo, Raya. Sote." Nilisema kwa furaha kubwa, kwa kuwa niliamini. Ukatoka na vumbi la tende kwenye nywele, ukanikumbatia mimi, hukumkumbatia yeye. Nadhani hapo ndipo baba yako alipojua nani wa kumtumia.

Jioni ile ile akaniita. "Mfundishe hiyo nchi, Asila. Aipende kabla hajafika. Wewe ndiye msomaji wa humu ndani." Hakuna aliyewahi kuniambia hivyo. Nikaenda maktaba, nikaazima vitabu, nikasoma kama ninayejiandaa kwa mtihani mwingine baada ya ile ya skuli kwisha.

Tukaanza na utepe. Bibi alitupa wa buluu, ule wa kushonea mikono ya nguo, anaouza katika soko letu la wanawake kila Jumatano. Tukaulaza juu ya zulia la sebuleni, kutoka mlango wa nje mpaka jikoni, ukijipindapinda. Huo ndio mto. Mlango wa nje ndio bahari, na hapo mlangoni, kwenye kisiwa, ndipo ulipo mji mkuu, Banjul. Jikoni ndiko nchi inakoishia, lakini mto wenyewe unatoka mbali zaidi, kwenye vilima vya nchi nyingine iitwayo Gini, kwa hiyo tulisema unaanzia stoo. Kisha tukapanga viatu vya nyumba nzima huku na huku ya utepe, viwe mpaka. Ndani ya viatu ni Gambia. Nje ya viatu, pande zote isipokuwa baharini, ni Senegal.

"Nchi yote ndiyo hii tu?" uliuliza. "Mtu akilala akinyoosha miguu, si itaingia Senegal?"

Baba yako alikuwa kakaa kwenye mto wa kuegemea na simu yake. Alicheka mpaka akakohoa. "Ustadha, mjibu mwanafunzi!"

Tangu hapo akawa ananiita Ustadha. Kila Ijumaa akifika kutoka Sur, hata kabla ya kuvua viatu, huita, "Ustadha, somo la leo nini?" Na alikuwa akikaa, Raya. Alikuwa akikaa kabisa, akisikiliza. Siku nilipokwambia kwamba huko maji ya bahari hupanda na mto, na wakati wa kiangazi chumvi hufika mbali sana ndani ya nchi, yeye ndiye aliyeleta chumvi jikoni akaimwaga kwenye zulia kukuonyesha inapofika. Bibi akapiga kelele, "Zulia langu! Gambia gani hii ya kuniharibia zulia?" Nawe ukamwambia, "Bibi, chumvi inapoishia ndio wanapanda mpunga, wanawake wenyewe wanapanda, usikanyage." Bibi akaruka mpunga. Mwanamke mwenye mgongo mbovu, akaruka.

Ukauliza milima yake iko wapi. Nikakwambia hakuna.

"Hata mmoja?"

"Hata mmoja. Ni tambarare."

Uliitazama milima yetu dirishani kama uliyeionea huruma nchi ile. "Sasa jua linazama nyuma ya nini?"

Nikakwambia linazama baharini. Sur, ulipokwenda na baba yako, uliliona jua likitoka baharini, na huko utaliona likiingia. Ukasema basi sisi tutakwenda kuliona linavyomalizia. Ulisema sisi. Nilikuwa nikisikia neno hilo kila siku na sikulikataa.

Nilikufundisha na mambo ya zamani. Kwamba Waingereza waliutaka mto na Wafaransa wakachukua nchi inayouzunguka, ndiyo maana nchi ikabaki na umbo la utepe. Kwamba wapo wanaosimulia kuwa mpaka ulipimwa kwa mizinga, merikebu ikapita mtoni ikipiga, na pale kombora lilipoangukia ndipo nchi ikaishia. Hiyo nilikwambia kama hadithi, kwa sababu sidhani ni kweli. Kwamba nchi mbili zile, baada ya kujitawala, ziliwahi kuahidiana kuwa kitu kimoja, zikakaa hivyo miaka michache, zikaachana. Ulikasirika. Ukauliza nani aliyevunja ahadi. Nikajibu kuwa sijui, na kwamba watu wa pande mbili bado wanaoana na kuzikana. Baba yako alikuwapo siku hiyo pia. Alikuwa akimenya chungwa. Nimeifikiria sana ile sura yake akimenya chungwa, nikitafuta kama kuna kitu kilichobadilika. Hakuna.

Sasa nakuja kwenye siku ya sindano.

Nilikuwa nimesoma kwamba anayekwenda nchi zile lazima achanjwe homa ya manjano, na achanjwe mapema, kabla ya safari. Nilikuwa nikiingoja siku yetu. Siku moja nimerudi kutoka kwa mshonaji, nikakuta kahawa imewekwa, baba yako na Zuhura na Bibi wamekaa, nawe umekunja mkono wa nguo mpaka begani.

"Ammah, tazama! Mkono wangu unauma. Baba kachomwa, mama Zuhura kachomwa, mimi nimechomwa na sikulia. Wewe yako lini? Daktari kasema bila sindano hii watu wa kule hawakupokei."

Niliwatazama. Zuhura alikuwa akinitazama kama anayesubiri mimi ndiye nieleze. Bibi akaanza kufuta sinia ambalo lilikuwa safi. Baba yako alishika kikombe chake akakitikisa, ile ishara ya kuwa umetosheka, usimiminiwe tena. Kikombe kilikuwa kimejaa, hata hakijaguswa.

"Ammah yako atachomwa baadaye," akasema.

Nikajua. Hakuna aliyeniambia. Kama nisingesoma vitabu vile nisingejua, ningeendelea kufunga mizigo mpaka leo.

Nilimfuata uani anakoweka gari. Mimi, ambaye sijapata kumfuata mtu.

"Kaka, sindano yangu lini?"

"Nani atakaa na Mama, Asila?"

"Sikukuuliza hilo."

Akafungua mlango wa gari, akaufunga tena. "Kampuni inatoa nafasi ya mke na mtoto. Tangu mwanzo ni hivyo. Ulitaka nifanye nini?"

"Uniambie."

"Ningekwambia, ungekaa chini na utepe wako ukamfundisha? Ungelia. Naye angelia. Na mimi ningebaki na mtoto chini ya kitanda." Halafu akaniwekea mkono kichwani, kama alivyokuwa akifanya nilipokuwa mdogo. "Umenisaidia sana, wallahi. Mtoto anaipenda nchi kuliko mimi."

Alinishukuru kama mtu anavyomshukuru fundi aliyemaliza kazi.

Nikamuuliza habari ya chuo. Unajua, Raya, wenzangu wote walipokuwa wakichagua vyuo, mimi sikuchagua. Yeye ndiye aliyeniambia nisijisumbue, nitasoma huko, wanasoma kwa Kiingereza na ni rahisi. Nilikuwa naweza kwenda Nizwa kusomea ualimu. Alama zangu zinatosha. Wakati wa kuchagua ulipita nikiwa nimepiga magoti juu ya zulia napima utepe. Aliniambia, "Mwaka ujao upo," akaingia garini.

Sitakuficha kwamba nimekasirika. Naamka nimekasirika na nalala hivyo hivyo. Angenidanganya mara moja tu ningesema alibanwa. Lakini alikuja kila Ijumaa. Alikaa, akacheka, akamwaga chumvi. Sijui kile kicheko kilikuwa cha kweli au alikuwa akinisukuma niendelee, na hilo ndilo linaloniuma kuliko chuo. Nikizikumbuka zile siku, ambazo zilikuwa nzuri kuliko zote katika nyumba hii, sijui nizihifadhi au nizitupe.

Sikwambii haya ili umchukie. Utaishi naye, na mimi nitakuwa mbali. Nakwambia ili umjue. Baba yako anaogopa kilio. Mama yako alipofariki, nyumba imejaa watu wanalia, yeye alitoka nje akaosha gari, akamaliza, akaanza tena. Nilimwona dirishani nikiwa nimekubeba. Ukiwa na jambo la kulia, utamwona anatafuta kitu cha kufanya na mikono yake, au anakuahidi kitu. Usiipokee ahadi wakati ule. Ngoja unyamaze, halafu muulize tena, polepole, ukimtazama. Mimi sikumuuliza. Nilifurahi sana kuitwa Ustadha, nikaogopa kwamba nikiuliza sana nitaonekana sina shukurani. Swali lile la sindano lilikuwa kinywani mwangu wiki nyingi kabla, kwa namna nyingine: kaka, pasipoti yangu mbona hujaichukua? Nililimeza. Ungekuwa wewe, ungeuliza siku ya kwanza. Endelea hivyo hivyo, hata wakikwambia una mdomo.

Kuna kitu na mimi nilikuficha, na lazima nikurudishie. Ulipoona nukta ndogo kwenye ramani ndani ya mto, karibu na bahari, ukauliza ni nini. Nikasema ni kisiwa cha ndege. Ndege wapo, Gambia nzima ina ndege wa kila rangi. Lakini kisiwa kile kilikuwa na ngome, na watu waliokamatwa huko ndani ya nchi waliletwa pale wakafungwa, wakangoja merikebu za kuwavusha bahari kwenda kuuzwa, wasirudi tena. Ngome imebaki magofu, na maji yanakila kisiwa kidogo kidogo. Nilikipita kwa makusudi. Nilitaka uipende nchi, nikaitoa mwiba kama samaki wa mtoto. Sasa naona nilifanya kazi ya baba yako vizuri hata kuliko alivyoniomba.

Na usifikiri ni mambo ya Wazungu peke yao. Zanzibar, tulikotoka sisi, watu pia waliuzwa sokoni, na miongoni mwa waliowauza wapo waliokuwa na majina kama yetu. Bibi hapendi yatajwe. Huko skuli yako mpya watakuuliza wewe ni mtu wa wapi, maana utakuwa na sura ya huku na lugha ya Zanzibar. Waambie yote. Waambie babu zetu walitoka Oman wakaenda Zanzibar, na kwamba wengine wetu waliondoka Zanzibar kwa hofu wakarudi Oman, na kwamba kabla ya hofu hiyo palikuwa na hofu ya watu wengine. Usichague kipande kizuri tu. Siku moja utapelekwa kuona yale mawe mekundu yaliyosimama kwa duara, mbali ndani ya nchi karibu na mto, ambayo chini yake wamezikwa watu na hakuna anayejua majina yao. Nimesoma kuwa wageni huweka kijiwe juu ya jiwe. Weka na wewe. Hapa petu juu ya milima tuna makaburi ya mawe namna hiyo hiyo, na sisi hupita tu na gari.

Sasa Bibi. Uliwahi kumsikia akisimulia habari ya viatu, lakini ulikuwa mdogo na yeye huisimulia kwa kicheko, kwa hiyo labda hukuisikia vizuri.

Bibi alipokuwa na umri kama wako, wazazi wake waliondoka Zanzibar. Walikuwa hawawezi kuondoka na watoto wote kwa pamoja, kwa hiyo yeye aliachwa kwa bibi yake. Hawakumwambia. Unajua desturi yetu, mtu akisafiri mtoto hupelekwa nyumba ya jirani, au hupewa kitu cha kuchezea, na mkubwa anatoroka kwa mlango wa nyuma ili mtoto asilie. Wote tunafanya. Hata wewe tulikutoroka mara nyingi. Baba yake alimwambia, "Sisi tunakwenda dukani kukununulia viatu." Bibi akakaa barazani kungoja viatu. Alingoja jioni ile, na kesho yake, na akaendelea hivyo hata watoto wa mtaani wakamwimbia, "Viatu vyako viko njiani!" Alipokuja kuletwa Maskat miaka ikiwa imepita, baba yake alimpokea uwanja wa ndege na boksi mkononi. Hakuwa amesahau. Alikuwa amenunua viatu vyekundu vyenye kamba, vizuri kabisa, vya mguu wa mtoto aliyemwacha. Havikuingia hata vidole.

"Nikacheka, jamani!" Bibi husema. "Nikacheka, na baba akacheka." Kisha hubadilisha maneno.

Ndiyo maana nilishangaa leo. Baada ya alasiri Bibi aliniita chumbani kwake. Furushi lake la soko lilikuwa limeshafungwa, tepe zote na vitambaa na nyuzi.

"Kesho Jumatano," akasema. "Uende sokoni badala yangu. Utoke mapema, kabla mtoto hajaamka. Akiuliza tutamwambia uko sokoni, na ndege yako ni ya wiki ijayo. Akifika huko atazoea. Kaka yako Khalfan na mimi tumeona hivyo ndiyo bora."

"Mama," nikasema, "vile viatu."

"Viatu gani?"

"Unavijua."

Alinitazama, Raya, nikadhani atanipiga kofi. Hajapata kunipiga, lakini nilidhani hivyo. Akaketi kitandani.

"Wewe hujui," akasema, na sauti yake ilikuwa ndogo. "Wangeniambia, ningewashika miguu. Wasingeweza kuondoka. Walinidanganya kwa kunihurumia."

"Na wewe ulingoja."

"Nilingoja." Akavuta kona ya furushi, akaikaza ilhali ilikuwa imekazwa. "Kila aliyepita na boksi nilidhani ni yeye."

Nikatoka.

Nilikwenda kukunja nguo zako. Zuhura alikuwa huko, anafunga sanduku. Nilikuwa namwogopa Zuhura, nilimwona kama yeye ndiye aliyekaa mahali pangu. Akaniambia bila kuinua macho, "Asila, mbona ulikataa kuja nasi? Mtoto anakupenda vile."

"Nani kakwambia nimekataa?"

Akakaa juu ya sanduku, likafanya kishindo. "Khalfan. Kasema hukutaka kumwacha Mama."

Tukatazamana. Nikaona kwamba si mimi peke yangu. Yeye ndiye anayekwenda naye nchi ya mbali, ndoa yake bado mbichi, na ameshaonja uongo wake.

"Akinililia njiani nimwambie nini?" akauliza.

"Mwambie ukweli."

"Akiniuliza kwa nini hukuja?"

"Mwambie sikualikwa."

Akaukunja ule utepe wa buluu, ambao nilikuwa nimeuacha juu ya kitanda, akautia katika mkoba wake mwenyewe, si sandukuni. "Huu usipotee," akasema. Mshike Zuhura, mwanangu. Sina hakika na mengi usiku huu, lakini yeye alipojua alikasirika, na mtu anayekasirika kwa ajili yako pale pasipo mtu wa kumwona, huyo anafaa.

Ukifika, jifunze saa zetu. Adhana ya adhuhuri ikitoka hapa Ibra, huko wewe ndiyo kwanza unaingia darasani. Nitajua uko wapi. Mimi mwaka ujao nitaomba Nizwa, na safari hii sitamwachia mtu anichagulie. Huenda siku moja nikaja kuliona jua linavyomalizia. Hiyo si ahadi. Ikitokea, utaniona nimesimama mbele yako, na hapo ndipo utakapojua.

Ilikuwa nimalizie hapo, lakini Bibi ameingia sasa hivi. Alikuwa hajalala. Amesimama mlangoni, ameniona naandika, hakuuliza nini.

"Mtoto akilia kesho, utamnyamazisha wewe," akasema.

"Nitamnyamazisha."

"Na Khalfan akikasirika?"

"Atakwenda kuosha gari."

Akacheka kidogo, akaziba mdomo. Kisha akainama, na mgongo wake ule, akaliinua furushi la soko alilokuwa ameniwekea pembeni mwa mlango, akaondoka nalo. Namsikia chumbani kwake analifungua.

Kwa hiyo kesho, mwanangu, sitakwenda sokoni. Utaamka utanikuta. Nitakwambia nikiwa nimekushika mikono, kwamba siji, na utanishika miguu kama Bibi alivyosema, na tutalia sote wawili mbele ya watu, mimi ambaye huona haya hata kupiga chafya mbele ya wageni. Baba yako atapiga honi. Tutamwacha apige. Kisha utaingia garini, na ukigeuka nyuma utaniona nimesimama kwenye lango. Nitasimama hapo mpaka gari lipinde. Usije ukaketi mahali popote kuningoja.

Mama yako,
Asila